Fasili ya Bado

Mhina alipobisha hodi, Sekela alijua kuna neno. Mtu huyo hakuwa na desturi ya kuja mikono mitupu, walau angeshika ndizi mbili za kantini, na leo alikuja hana kitu, tena amevaa makoti mawili.

"Karibu, kaka. Umeamkaje?"

"Salama, mdogo wangu. Sijui wewe. Tukuyu hawajambo?"

"Hawajambo. Lushoto je?"

"Lushoto wazima. Shemeji yako anakusalimu, na mwanangu Hiza anakusalimu. Siku hizi anajifanya mkubwa."

Salamu zikaenda mpaka mwisho wake, zikapita kwa wazazi, zikapita kwenye mvua na mazao. Watu wa Haldvik wangekuwa wameshamaliza mazungumzo na kurudi makwao. Baada ya hapo ndipo Mhina alipovuta kiti mpaka kwenye bomba la joto, akaliegemea kwa mgongo, akafumba macho. Sekela akamwangalia mkono. Kile kitone kilichopandikizwa chini ya ngozi ya kila mgeni, karibu na kifundo, kilikuwa cha njano kama kawaida ya mtu anayesubiri kibali. Lakini kilikuwa kinawaka na kuzimika, ishara ya maombi yanayokaribia kufungwa.

"Chumba changu kimeshuka mpaka tisa," Mhina alisema. "Tangu juzi."

"Tisa? Na hukuniambia?"

"Sisi wa Lushoto baridi tunaijua." Alijaribu kucheka. "Ila ya kwetu huwa na jiko la mkaa pembeni."

Haldvik, kama Shirikisho lote la kaskazini, hawakuwa wanatoa posho ya fedha kwa mtu asiye na kazi. Waliacha zamani, tangu mafuta yalipokwisha na theluji ikaanza kukaa miezi minane. Asiye na kazi alipewa joto: nyuzi kumi na tisa chumbani mwake na sahani moja ya chakula cha moto mchana. Aliyenyimwa aliachiwa nyuzi tisa, na hata hizo tisa hazikuwa zake. Zilikuwa za mabomba ya maji, yasije yakaganda yakapasuka.

Mhina alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mwalimu wa sekondari aliyekuja kusomea namna ya kuchuja chumvi kwenye maji ya visima. Mchana alisoma, na jioni alifanya kazi katika maabara ya chuo. Vuli ilipoanza, maabara ikafungwa. Mwezi huohuo kibali chake kikaisha. Aliomba kipya mapema, kama sheria inavyotaka, akajibiwa asubiri, na kitone kikageuka njano. Kitone cha njano hakifungui mlango wa mahali popote pa kazi.

Sasa sheria ya posho ilisema hivi: asiye na kazi ni yule anayeitarajia. Na anayesubiri kibali, walihoji wakubwa, ataitarajiaje kazi asiyoruhusiwa kuifanya? Basi huyo si mtu asiye na kazi. Huyo ni mtu tu, na baridi yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haldvik walimnyang'anya mgeni jembe, kisha wakamwuliza mbona halimi.

"Barua inasemaje?" Sekela aliuliza.

Mhina akatoa karatasi kwenye koti la ndani. Sekela akaisoma amesimama. Mwombaji ametamka kwa kinywa chake kwamba anatarajia kuondoka katika Shirikisho. Kwa hiyo posho yake imekoma, na maombi yake ya kibali yatafungwa baada ya siku kumi na mbili.

"Ulisema nini kwenye mahojiano?"

"Sikusema kitu. Ile mashine yao, Sikio, iliniuliza vizuri tu, Kiswahili safi kama cha mtangazaji. Umepata kazi? Nikasema bado. Umepanga kuondoka Shirikisho? Nikasema bado." Akafumbua macho. "Hilo la kuondoka huwauliza wanaokaribia kumaliza masomo tu. Sasa ulitaka niseme nini? Nimkatalie mtu usoni, hapana, kama nimegombana naye? Na safari apangaye ni Mungu. Naweza kuamka kesho nikaitwa msibani."

Sekela akakaa kitandani. Neno lile la bado lilikuwa lake.

*

Sheria ya Shirikisho iliagiza kila mgeni ahojiwe kwa lugha ya mama yake. Ilikuwa sheria ya watu wema. Kwa kuwa lugha zilikuwa nyingi na watumishi wachache, wakaunda Sikio, mashine inayouliza na kusikiliza lugha mia mbili. Sikio halikukosea sauti wala lafudhi. Lilimwelewa Mmakonde, likamwelewa Mpemba. Ila kwa yale maneno yanayoteleza, yale ambayo maana yake imo nusu mdomoni na nusu kwenye uso wa msemaji, mashine ilihitaji mtu. Mtu huyo aliitwa mfasili. Aliapa, kisha akaliandikia Sikio kila neno kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ikawa sheria.

Mfasili wa Kiswahili alikuwa Sekela Mwambene, kwa mwaka wa tatu sasa.

Jumatatu asubuhi aliifungua fasili ile ofisini na kuitazama. *Bado: tendo halijatokea, lakini msemaji analitarajia.* Aliiandika Ijumaa moja alasiri, amebakiwa na maneno arobaini na macho yanauma. Hata siku ile alijua kwamba haitoshi. Kule Tukuyu alikuwa na mama yake mdogo, Tupokigwe, mwanamke wa miaka sitini na mmoja aliyepitisha maisha yake yote bila mume na bila kumtafuta. Kila harusi watu humwuliza kama ameolewa. Kila harusi hujibu, "Bado," na kuendelea kumenya viazi. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mama mdogo anamtarajia mtu.

Lakini ilikuwa Ijumaa. Akaiacha.

Baadaye, baridi ilipofika, aliona kitu. Wageni wengine wote wanaosubiri vibali, wakiulizwa na Sikio kama wamepata kazi, walijibu hapana kwa lugha zao. Sikio likaandika hawatarajii, wakashuka tisa. Waswahili hawakujibu hapana. Mswahili gani ataulizwa umepata kazi aseme hapana, kana kwamba amejifungia riziki mwenyewe? Wote walijibu bado. Sikio likaandika wanatarajia, wakakaa kumi na tisa. Hapakuwa na sheria iliyowapa joto lile wala huruma ya mkubwa yeyote. Ilikuwa sentensi moja ya mtu aliyechoka.

Sekela aliona, akanyamaza. Alinyamaza kwa furaha, na tusimlaumu upesi. Alikuwa amekula joto hilo yeye mwenyewe, baridi ile kibali chake kilipochelewa miezi minne.

Akainuka, akaenda kwa mkuu wake, Bi Ingrun, mwanamke mrefu wa Haldvik aliyesomea lugha za watu ambao wameshakufa wote. Alimweleza habari ya Mhina. Hakumweleza zaidi ya hapo. Lakini Ingrun hakuwa mjinga.

"Unataka kuwe na bado mbili," Ingrun alisema.

"Ziko mbili. Moja ni ya kutarajia. Nyingine ni hapana yenye adabu."

"Sikio litazitofautishaje?"

"Kwa swali aliloulizwa mtu."

"Yaani swali likiwa la kumpa joto, ni matarajio. Likiwa la kumwondoa, ni adabu." Ingrun alisema taratibu, bila kejeli, na hilo ndilo lililomchoma Sekela. "Ningekuwa hakimu, ningekuamini?"

Ingrun akamsogezea kikombe chake mwenyewe cha chai, ambacho alikuwa hajakigusa.

"Fasili ikibadilika, Sikio husikiliza upya majibu yote tangu siku ilipoandikwa," alisema. "Hilo unalijua. Na kikao cha kusikiliza rufaa ya rafiki yako ni Alhamisi. Jibu la mwombaji halibadilishwi, ila maana ya neno inaweza kupingwa. Hakimu atamwuliza mfasili swali moja, chini ya kiapo. Pole, Sekela. Mfasili ni wewe."

*

Jumatano mchana Waswahili wa bweni walikaa meza yao ya siku zote kantini. Mhina hakuwa na haki ya sahani tena, lakini alikaribishwa mezani kwa ukali, na kila mmoja akamtengea vijiko viwili vitatu kwenye kifuniko cha bakuli. Ukivihesabu, alipata kuliko wote. Aliyemtengea zaidi alikuwa Nabintu wa Bukavu, mwanafunzi wa uuguzi, mwenye mtoto wa miezi miwili kifuani na kitone cha njano kwa mwezi wa saba.

"Kula, yaya Mhina," alisema, maana kwao yaya ni kaka mkubwa. "Miye nimeshiba."

"Mama anayenyonyesha hashibi, Nabintu."

"Sasa ni wewe unajua kunyonyesha? Kula."

Meza ikacheka. Sekela hakuweza kucheka. Alikitazama kichwa cha yule mtoto, kofia yake ya sufu iliyofumwa na mtu asiyejua kufuma, akatazama kijiko chake. Walipomaliza akamwomba Mhina watembee kidogo kwenye ukumbi wa kioo, mahali ambapo jua la kaskazini huingia kwa muda wa saa mbili tu kila siku.

Akamweleza yote. Hakuficha kitu, hata ile Ijumaa.

"Nikisema bado ni hapana, wewe unabaki," alimalizia. "Na Sikio litasikiliza upya majibu ya wote wanaosubiri. Litasikia hapana. Watashuka tisa siku hiyohiyo."

"Wangapi?"

"Mia tatu na kumi na wawili."

"Pamoja na huyu mtoto?"

"Mtoto hajahesabiwa. Mtoto hahojiwi."

Mhina akaegemea kioo. Nje watu walikuwa wanakwangua barafu kwenye njia, kwa nguvu na kwa furaha, watu wenye vitone vya kijani vya kibali na wenyeji wasio na kitone kabisa.

"Chujio langu limebakiza kipimo kimoja," alisema. "Kimoja tu. Aprili ningekuwa nimefunga mzigo mwenyewe, nikaenda nyumbani na karatasi yangu. Nilimwacha Hiza hajui kusoma, Sekela. Sasa ananiandikia barua, ananiuliza maji ya Mombo nitaanza kuyatengeneza lini."

"Unamjibuje?"

Mhina akatabasamu kwa uchungu. "Namwambia bado."

Sekela akasema, "Nifanye nini, kaka?"

"Usiniulize."

"Nimuulize nani?"

"Sijui. Mimi usiniulize." Sauti yake ilikuwa ya mwalimu aliyekatisha kelele darasani. "Nataka kubaki. Sitakudanganya nikasema sitaki, upate usingizi. Na siwezi kukuambia umtoe yule mtoto kwenye joto. Ukiniomba ruhusa, umeniachia mimi dhambi zote mbili. Alhamisi utaulizwa wewe. Jibu."

Akaenda zake. Sekela alibaki hapo mpaka lile jua likaondoka kwenye kioo, na alikuwa na hasira naye, kwa sababu alisema kweli.

*

Chumba cha kikao kilikuwa kidogo na kina joto zuri. Alikuwepo hakimu, mzee mwenye kikohozi. Alikuwepo Ingrun, nyuma. Mhina alikaa mbele kwa koti moja, amenyoa, viatu vinang'aa. Sikio lilikuwa ukutani, duara la chuma lisilo kubwa kuliko sahani.

Kwanza lilirudisha sauti ya Mhina ya siku ile. *Umepanga kuondoka Shirikisho? Bado.* Ilikuwa sauti ya mtu anayetaka kumfurahisha anayemuuliza.

"Mfasili," hakimu alisema, na Sikio likageuza maneno yake kuwa Kiswahili laini. "Kwa kiapo chako. Mtu anaposema bado, je, yawezekana anasema hapana, na asiwe anatarajia lolote?"

Sekela alisimama. Jibu lilikuwa ndiyo. Mtoto wa chekechea kule kwao angelijua. Alimwona mama mdogo na kisu chake na viazi vyake. Akakiona kile kikofia cha sufu. Alifungua mdomo, akaufunga. Akamtazama Mhina.

Aliwahi kusikia kwamba mtu akibanwa namna hiyo huona njia. Hakuona njia. Aliona vyumba mia tatu na kumi na viwili, akamwona mtu mmoja mwenye viatu vilivyopigwa rangi, na muda ukapita. Hakimu akakohoa. Muda ukazidi kupita, na Sekela akatambua kwa hofu kwamba kunyamaza kwake kulikuwa kumeshaanza kuwa jibu, na kwamba aliliacha liendelee.

Mhina alimwangalia kama mwalimu anavyomwangalia mwanafunzi hodari aliyesimama mbele ya darasa akashindwa kutaja kitu anachokijua. Kisha akanyoosha kidole.

"Mheshimiwa, naomba kusema."

"Jibu lako halibadilishwi," alisema hakimu.

"Silibadilishi. Siku ile niliulizwa kama nimepanga kuondoka, nikasema bado. Ilikuwa hivyo. Nilikuwa bado." Akashusha pumzi. "Sasa nimepanga."

Sikio likaandika. Hakimu akamtazama Mhina kwa muda, akamtazama mfasili aliyekuwa amesimama bila neno, akafunga jalada. Swali kwa mfasili limeondolewa, alisema, kwa kuwa mwombaji mwenyewe ameonyesha maana ya neno lake. Fasili itabaki kama ilivyo.

Kilichomjia Sekela kwanza kilikuwa nafuu. Ilimwagika mwilini mwake mwote. Aibu ilifuata nyuma, lakini nafuu ndiyo iliyotangulia, na hilo hakujisamehe.

Alimfuata Mhina mpaka kwenye korido.

"Kaka. Nilikuwa nataka kusema."

"Kusema nini?"

Sekela alitafuta. "Sijui."

"Basi." Mhina alikuwa anafunga vifungo vya koti. "Usidhani nilikuwa shujaa. Nilikuwa nangoja useme. Nilingoja kweli. Kisha nikaona kwamba nikiendelea kukaa pale, nitakuchukia, na wewe ni ndugu yangu. Nikasimama kabla hayo hayajanifika."

"Nisamehe."

Mhina alifunga kifungo cha mwisho. Hakusema amesamehe. Alimshika bega, akalibonyeza kidogo, akaenda kufungasha. Tangu siku hiyo mpaka siku ya safari hakubisha hodi tena, na Sekela hakwenda kwake. Nabintu ndiye aliyemsindikiza, mtoto mgongoni, bila kujua alimsindikiza nani.

*

Wageni wanaoondoka huulizwa maswali machache kituoni, na majibu yenye maneno yanayoteleza hupelekwa kwa mfasili ayapitie. Jalada la Mhina lilimfikia Sekela Jumanne, katikati ya majalada mengine, saa nne asubuhi. Ofisi ilikuwa na nyuzi kumi na tisa.

Alivaa visikizi. Nyuma ya sauti kulikuwa na kelele za mizigo, na mtu akikohoa.

*Jina lako kamili?* Mhina Shemdoe Kaniki.

*Umefungasha mizigo mwenyewe?* Ndiyo, mwenyewe.

*Umemaliza masomo yako?*

Sekela akakandamiza visikizi masikioni. Alimsikia Mhina akivuta pumzi, kisha akamsikia akijibu, kwa adabu ileile, kama anayejibu swali la jirani.

*Bado.*

Chini ya sauti, Sikio lilikuwa limeandika kama lilivyofundishwa. Tendo halijatokea, lakini msemaji analitarajia. Mfasili athibitishe au asahihishe.

Sekela alirudia kusikiliza. Alikuwa amelisikia neno hilo mara elfu nyingi, kwa lafudhi zote, na siku zote alijijua kuwa anajua, hata pale alipoandika vingine. Alitafuta kwenye pumzi ile kama ilikuwa bado ya Hiza, au ilikuwa bado ya mama mdogo na viazi. Alirudia mara ya tatu. Alirudia mara ya nne, machozi yakidondoka kwenye meza ya serikali, na hakuweza kujua.

Akathibitisha.